Nyoki za mbatata kwa tungule: mapishi ya Malindi, viazi vya Bomet

Ukikaa Malindi hukosi kulisikia jina la nyoki. Wenyewe Waitaliano huandika gnocchi. Ni vidonge laini vya mbatata na unga, huchemshwa kisha vikamwagiwa rojo la tungule. Waitaliano wako upande ule tangu miaka ya sitini. Mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na baadaye wengine wakajenga nyumba na mikahawa mjini. Nawajua wapishi wetu wanaozipika nyoki kila siku kazini, lakini kwao nyumbani hazijaingia jikoni. Wanaona ni chakula cha hoteli.

Mimi riziki imenileta Kericho, kwenye nchi ya chai, na huku hoja hiyo haisimami. Kila kinachotakiwa kiko sokoni, tena kwa bei ya mwananchi. Jirani zetu wa Bomet hulima mbatata kwa wingi, hasa aina ya Shangi. Shangi hukomaa upesi na kuiva upesi, lakini ina ila moja: huchipua mapema ikishavunwa. Mkulima hawezi kuiweka akingojea bei ipande, kwa hivyo dalali humpangia atakavyo. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, ili kuikomesha lumbesa. Kanuni ni jambo jema, lakini mkulima anahitaji pia mlaji mwenye njia nyingi za kuitumia mbatata, si chipsi na viazi karai peke yake.

Mahitaji (watu 4 au 5)

- Mbatata kilo 1, zilizo sawasawa kwa ukubwa
- Unga wa ngano gramu 250 hadi 300
- Tungule mbivu kilo 1
- Kitunguu maji 1 na punje 4 za thomu
- Mafuta ya zeituni au ya kupikia, vijiko 4 vikubwa
- Majani ya mrehani na chumvi

Usinunue mbatata zilizogeuka kijani. Rangi hiyo ni dalili ya sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Rojo

Tia tungule katika maji ya moto kwa dakika moja, zimenye, kisha zikatekate. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kilainike, tia thomu, halafu tungule na chumvi. Acha ziive polepole kama nusu saa, mpaka maji yakauke na rojo liwe zito. Mrehani utie mwisho, ukishaepua. Ni huu huu wetu wa kwenye vikuba. Waitaliano wao huula. Huku bara haupendi baridi, kwa hivyo mimi huuotesha kwenye kopo dirishani.

Nyoki

1. Chemsha mbatata na maganda yake, zisinywe maji. Huku juu, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 93 hivi, si 100 kama Mombasa. Basi zitachukua muda zaidi. Zichome kwa kisu ujue zimeiva.
2. Zimenye zikiwa moto, ziponde mpaka kusibaki donge, kisha zitandaze kwenye sinia mvuke utoke. Mbatata ikiwa na maji itadai unga mwingi, na unga ukizidi nyoki huwa ngumu.
3. Tia chumvi, na unga kidogo kidogo. Ukiona donge limeshikana na halinati mkononi, acha hapo. Usilikande kama la chapati, litavutika.
4. Sukuma vijiti vya unene wa kidole, ukate vipande vya sentimita 2. Bonyeza kila kimoja kwa uma. Ile mifereji ndiyo inayoshika rojo.
5. Tia chache chache katika maji ya chumvi yanayochemka. Zitazama, kisha baada ya dakika 2 au 3 zitaelea. Zikielea zimeiva. Ziopoe kwa kijiko cha matundu uzitie moja kwa moja kwenye rojo.

Jibini si lazima. Ile ya Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hivyo anayechunga halali aulize kwanza au atumie jibini aijuayo.

Donge usililaze mpaka kesho, kwani hutoa maji na kunata. Ukishazikata, zipike siku hiyo hiyo. Na wewe uliyeko Mombasa, Kongowea hupokea mbatata za bara. Chukua kilo moja ujaribu. Huo si mlo wa kumngojea mtalii.