Upofu wa kudumu: Chanzo chake na jinsi ya kuuepuka

UPOFU si wa aina moja. Kuna ule ambao daktari huuondoa kwa upasuaji, na kuna ule ambao ukishaingia hautoki. Mkazi wa Nakuru na maeneo jirani ya Bonde la Ufa anafaa kuielewa tofauti hiyo kabla macho hayajaanza kumsumbua.

Uchunguzi uliofanywa mwaka wa 2005 katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru uliwapima watu 3,503 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Wawili kati ya kila mia walikuwa vipofu. Karibu asilimia 70 ya upofu huo ulisababishwa na maradhi yanayozuilika au kutibika, mtoto wa jicho pekee akichangia asilimia 42. Huo ni ukungu unaotanda katika lenzi ya jicho. Lenzi hiyo huondolewa, ikawekwa ya bandia, na mgonjwa akaona tena.

Mnamo 2007 na 2008, wataalamu waliwapima watu wengine 4,414 wilayani humo, wakilenga hasa maradhi ya sehemu ya nyuma ya jicho. Huko ndiko madhara mengi huwa ya kudumu.

Glakoma

Maradhi haya huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo ndani ya jicho. Kwa kawaida hayaumi. Uwezo wa kuona hupungua pembeni kwanza, hivyo mgonjwa huchelewa kushtuka. Dawa ya matone au upasuaji huokoa nuru iliyosalia, iliyopotea hairudi.

Kisukari

Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa midogo ya retina. Kila mwenye kisukari apimwe macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.

Trakoma na makovu

Trakoma imewatesa wengi katika maeneo makavu ya Baringo na Narok. Huenezwa kwa mikono, nguo na nzi. Maambukizi ya mara kwa mara hupindua kope zikakwaruza jicho hadi likaingia kovu. Kuosha uso, kutumia choo, dawa za viuavijasumu na upasuaji wa kope huyazuia hayo.

La kufanya

Aliyetimiza miaka 40, na hasa mwenye jamaa aliyeugua glakoma, apimwe hata kama hana dalili. Wanaonyunyizia mimea dawa wavae miwani ya kujikinga. Kemikali ikiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha waende hospitalini. Maziwa na dawa za mitishamba visitiwe jichoni kamwe. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe apelekwe kwa daktari mara moja, kwani huenda ni saratani.

Husemwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mwenye glakoma, tiba ya kurudisha nuru haipo kabisa.