Akili Unde: Jina Linalofundisha Kanisani

Katekista au mchungaji wa Tabora mwenye simu janja anaweza leo kuagiza mahubiri ya Jumapili na kuyapata kabla chai haijapoa. Kabla ya kuamua kama ayatumie, ajiulize kwanza chombo hicho kinaitwaje, kwa maana jina ndilo hufundisha namna ya kukishika.

Kiswahili kimekipa majina matatu. La kwanza ni akili bandia. Noti bandia na dawa bandia hutengenezwa ili kudanganya, kwa hiyo jina hili linakihukumu chombo kabla ya kukieleza. Programu inayojumlisha sadaka kwa usahihi haijamdanganya mtu. La pili, lililoenea sana Tanzania, ni akili mnemba. Limezoeleka, ila wengi tulilijua Mnemba kama kisiwa karibu na Unguja, na neno lenyewe halimwambii muumini chombo kimetoka wapi.

La tatu ni akili unde, nami nalipendelea hilo kwa kazi ya kanisa. Unde limetoka kwenye kuunda, kazi ya fundi wa jahazi. Kiishio -e huonyesha aliyetendwa au kilichotendwa: aliyeteuliwa ni mteule, aliyetumwa ni mtume, kilichoumbwa ni kiumbe. Basi kilichoundwa ni unde. Mungu huumba, mtu huunda, na sarufi yetu imekwisha kutenga viwili hivyo. Hati ya Vatikani iitwayo Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inakubaliana na hilo: akili hii isionwe kama aina ya akili ya binadamu, bali kama zao lake.

Mtume, yaani aliyetumwa, ni wa ngazi nyingine. Mfano ni Adrian Atiman: alitekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Alitumwa, akaja, akakaa na wagonjwa. Unde haliwezi kukaa na mtu.

Mafundi walikiunda chombo hiki kwa kukilisha maandishi mengi mno, nacho kinapojibu hukadiria neno lipi lifuate. Ndiyo sababu kinaweza kutaja mstari wa Biblia usiokuwepo, tena kwa lugha iliyonyooka. Kwa Kinyamwezi, ambacho maandishi yake kwenye intaneti ni machache, hatari inazidi. Tafsiri ya sala ipitie kwanza kwa wazee wanaoisema lugha hiyo nyumbani.

Watu wa njia ya misafara walijua nani atangulie. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze katika Unyanyembe (Tabora ya leo) Novemba 1857, aliandika habari za kirangozi, mtu aliyetembea mbele na bendera. Penye njia panda, njia isiyofaa ilizibwa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili walio nyuma wasipotee. Msafara ulimfuata mtu aliyeweza kuulizwa na kujibu.

Matawi hayo tuyaweke leo. Siri ya muumini aliyekuja kutafuta ushauri isiandikwe kwenye programu, hata jina lake likifichwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inatukumbusha kwamba habari za mtu ni amana. Mahubiri yasiyosaliwa na mhubiri mwenyewe yasipande mimbarini. Sauti inayofanana na ya askofu ikiomba mchango kwa simu, ithibitishwe kwa njia nyingine kabla ya mtu kutuma fedha. Njia zilizo wazi nazo ni nyingi: ratiba ya ibada, hesabu za harambee, kumbukumbu za vikao, rasimu ya maswali ya jumuiya ndogondogo. Saa zinazookolewa hapo zipelekwe kwa wajane na wagonjwa.

Nawaomba viongozi wa parokia na sharika za Tabora walifundishe jina hili kwa vijana wao. Kazi ya hesabu na karatasi tuliachie unde. Kwa mgonjwa, aende aliyetumwa.