Lugha ya Munganga na Masikio ya Mugonjwa

Mugonjwa anapoingia lopitali, mbele ya kuonja dawa anasikia lugha. Ile lugha inamwambia: huyu munganga ni ndugu, ao ni mugeni. Sisi wa Butembo tuliona hayo waziwazi.

Tarehe 1 ya mwezi wa 8, mwaka wa 2018, serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini. Toka Mangina ugonjwa ulifika Beni, kisha Butembo na Katwa. Waganga wengi walitoka Kinshasa na inchi za mbali, wakisema Kifaransa na Lingala. Lakini kwetu Kinande ni lugha ya nyumba, Kiswahili ni ya soko na kanisa, Kifaransa ni ya masomo na biro, na Lingala ni ya askari. Tena toka mwezi wa 10 wa 2014 watu wengi wa Beni walikuwa wameuawa, na wenyi kubaki hawakutumainia tena askari. Basi munganga aliyefika kwa motokari, akilindwa na askari, akisema lugha yao, angesadikiwa namna gani?

Kazi yenyewe iliitwa kwa Kifaransa "riposte", maana yake kurudisha pigo. Munganga alifikiri juu ya ugonjwa. Mwenyi kusikia aliweza kuuliza: nani atapigwa?

Tusiseme kwamba lugha peke yake ilileta hasira. Mwezi wa 12 wa 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Watu wakaona siasa ndani yake. Mwezi wa 2 wa 2019 nyumba za kutunzia wagonjwa za Katwa na Butembo zilichomwa. Tarehe 19 ya mwezi wa 4 Munganga Richard Mouzoko, mutu wa Kameruni, aliuawa katika lopitali ya Butembo. Lakini penye mashaka, lugha isiyosikilikana inayazidisha.

Kulikuwa pia wenyi kupona, waliolinda watoto ambao mama zao walilazwa. Wao walijua ugonjwa katika mwili wao, wakausimulia kwa lugha ya nyumba. Hawakuhitaji mutafsiri wala askari.

Ugonjwa ulikwisha tarehe 25 ya mwezi wa 6, 2020, nyuma ya kuua watu 2,287. Ndugu wapenzi, nasi tunatumwa kwa wagonjwa wa kabila lingine. Tunapashwa kujifunza kwanza kuuliza "Unaumwa wapi?" kwa lugha yao, na kungoja jibu.