Kibende na Kitongwe: Lugha za Katavi Chini ya Kivuli cha Kiswahili

Jina Katavi, ambalo tangu mwaka 2012 ni jina la mkoa, lilitangulia kuwa jina la ziwa na la hifadhi. Asili yake ni Katabi, ambaye masimulizi ya wenyeji humtaja kuwa mwindaji mashuhuri ambaye mzimu wake hukaa katika mkwaju kando ya ziwa hilo, na watu huuendea kwa sadaka. Jina hilo limo katika kila ramani ya Tanzania, lakini lugha za watu waliolihifadhi zinazidi kukosa wasemaji.

Lugha hizo ni Kibende na Kitongwe. Wenyewe husema Sibende na Sitongwe, maana kiambishi chetu "ki-" kwao ni "si-". Wanaisimu hutatizwa na swali moja: je, ni lugha mbili, au ni lahaja mbili za lugha moja? Malcolm Guthrie, alipoziainisha lugha za Kibantu, alizipa nambari mbili zinazofuatana: Kitongwe F.11, Kibende F.12.

Swali hili si geni duniani. Katika milima ya Alpi, kati ya Ufaransa, Uswisi na Italia, kuna lugha ambayo wasemaji wake hawakuwa na jina la pamoja la kuiita, hadi karne ya 19, mwanaisimu Graziadio Isaia Ascoli alipoitambua kuwa lugha yenye hadhi yake. Leo wengi huiita Kiarpitani. Jina la pamoja lilipopatikana, Kifaransa kilikuwa kimekwisha kutwaa mahakama na shule, na wazee walibaki wakizungumza wao kwa wao.

Huku Mpanda, watu walihama kabla lugha haijafifia. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya wakazi wengi wa Tanganyika ya magharibi katika makazi ya pamoja ili kuzuia malale. Baadaye madini ya risasi yaliivuta reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, ikaleta vibarua wa makabila mbalimbali. Katika miaka ya 1970 vikaja vijiji vya pamoja, na makazi ya wakimbizi wa Burundi huko Katumba na Mishamo. Wafugaji wa Kisukuma nao wakashuka na mifugo yao. Watongwe wa milima ya Mahale waliondolewa katika makazi yao, na mwaka 1985 milima hiyo ikawa hifadhi ya taifa.

Katika mchanganyiko huo, Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya shuleni na ya ndoa za mseto. Kiliwaunganisha watu ambao wasingeelewana, na hiyo ni heri. Lakini tangu mwaka 1967 mtoto amefundishwa kusoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na lugha ya nyumbani haikupewa nafasi darasani.

Kumbukumbu zilizobaki tunawiwa na watafiti kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Mwanaisimu wa Japani, Yuko Abe, alichapisha msamiati wa Kibende mwaka 2006, mjini Tokyo. Ni ajabu kwamba mjukuu wa Mbende akitaka kuyasoma maneno ya bibi yake, huenda akalazimika kuyatafuta Japani.

Ndugu washairi, lugha yetu ndiyo yenye kivuli hapa, kama Kifaransa kule Alpi. Tunalalamika Kiingereza kinapotubana, nasi tumekuwa kimya wakati Kiswahili kinapowabana jirani zetu. Kamusi huhifadhi neno, bali utendi, kitendawili na wimbo wa uwindaji huhifadhi pumzi yake. Atakayekwenda Karema, Mwese au Mpanda Ndogo na daftari, akamsikiliza mzee kwa lugha ya mzee, atakuwa ameitumikia Tanzania, na Kiswahili chenyewe hakitapungukiwa kitu.