Kauli za watu mashuhuri kuhusu kazi, umaarufu na maisha

MIONGONI mwa kauli zilizowahi kutolewa na Watanzania mbele ya dunia, ni chache zilizodumu kama ile ya mwanariadha John Stephen Akhwari katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968.

Oktoba 20 mwaka huo, mzaliwa huyo wa Mbulu alianguka katikati ya mbio za marathoni, akateguka goti na kuumia bega. Alifungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Alipoingia uwanjani giza lilikuwa linaingia, washindi walikwisha kuvishwa medali na watazamaji waliosalia walikuwa wachache. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alitumia saa 3:25:27, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Wakimbiaji 18 kati ya 75 walioanza hawakufika kabisa.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, bali ilimtuma kuzimaliza. Kwa hakika, kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City ni zaidi ya maili 9,000, ingawa kasoro hiyo haijaipunguzia kauli uzito. Nchi iliyomtuma ilimtunuku nishani ya ushujaa mwaka 1983, yaani miaka 15 baadaye.

Mwaka huohuo wa 1968, katalogi ya maonyesho ya msanii wa Marekani, Andy Warhol, mjini Stockholm, ilibeba utabiri kwamba siku zijazo kila mtu atakuwa maarufu duniani kwa dakika 15. Wapo wanaodai kuwa maneno hayo si yake. Kwa vyovyote vile, utabiri huo unamkaa vibaya Akhwari, ambaye anakumbukwa kwa kuchelewa kwa saa nzima na zaidi.

Kuhusu kazi, viongozi ndio walioongoza kwa maneno. Mara baada ya Uhuru wa Desemba 9, 1961, chama cha TANU chini ya Mwalimu Julius Nyerere kilieneza wito wa “Uhuru na Kazi”, na wananchi wakajitolea kujenga barabara, shule na zahanati. Mwaka 2015 John Magufuli alishinda urais kwa kaulimbiu ya “Hapa Kazi Tu”, na Desemba 9 mwaka huo akafuta sherehe za Uhuru na kuagiza watu washike mifagio wafanye usafi. Alipofariki dunia Machi 2021, mrithi wake, Samia Suluhu Hassan, alikuja na “Kazi Iendelee”. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaja ujira.

Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kati ya mwaka 1985 na 1995, alikuwa na namna nyingine. Alipokea nchi ambayo sabuni na sukari vilikuwa vya kupangiwa foleni, akafungua milango ya biashara hadi akaitwa Mzee Ruksa. Msemo unaohusishwa naye zaidi ni “kila zama na kitabu chake”. Ni maneno ya upole, lakini yalibeba jambo zito: Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu viongozi mambo ambayo Azimio la Arusha liliwakataza, na Mwalimu hakuficha kuchukizwa kwake. Mwinyi alifariki dunia Februari 29, 2024, na msemo wake bado hutumiwa na kila anayetaka kuachana na ya mtangulizi wake bila kumtukana.

Kwa upande wa Jakaya Kikwete, kubwa linalonukuliwa ni “akili za kuambiwa, changanya na zako”, ambalo hufaa sokoni na nyumbani vilevile.

Nchini Kenya, Eliud Kipchoge huvaa mkononi bangili yenye kauli yake, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Oktoba 12, 2019 mjini Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40, akiwa mtu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili. Muda huo haukutambuliwa kuwa rekodi rasmi, kwani alisaidiwa na wakimbiaji waliokuwa wakipokezana kumwongoza na gari lililopanga mwendo.