Billy Meredith, winga aliyedai ujira wake

Machi 1924, Manchester City walipoingia uwanja wa St Andrew's mjini Birmingham kucheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Newcastle United, winga wao alikuwa amebakiza miezi minne tu atimize miaka 50. City walilala 2-0. Alikuwa ameanza kuichezea klabu hiyo mwaka 1894, wakati baadhi ya wenzake wa siku ile hawajazaliwa. Jina lake Billy Meredith. Shabiki wa leo akiulizwa kuhusu mawinga wa Wales atamtaja Ryan Giggs, kisha Gareth Bale. Meredith aliwatangulia wote wawili, na kuna jambo moja amewazidi: alipigania haki ya mchezaji kulipwa kama mfanyakazi mwingine yeyote, tena wakati kufanya hivyo kuliweza kumkosesha riziki.

Alizaliwa mwaka 1874 Black Park, karibu na mji mdogo wa Chirk, kaskazini mwa Wales, mpakani na England. Maisha ya pale yalikuwa ni makaa ya mawe. Alipofika miaka 12 akashuka mgodini, kazi yake kuongoza farasi wadogo waliokokota vigari vya makaa gizani. Bahati yake ni kwamba Chirk ilikuwa na mwalimu mmoja, Thomas E. Thomas, aliyependa soka kupita kiasi na aliyewalea vijana wengi waliofika timu ya taifa. Mwaka 1894 Chirk ilitwaa Kombe la Wales, na Oktoba mwaka huo huo Manchester City wakamchukua. Mapema Novemba alicheza dhidi ya Newton Heath, klabu ambayo baadaye ingeitwa Manchester United. City walichapwa 5-2, mabao yote mawili yakiwa ya Meredith. Hiyo ndiyo derbi ya kwanza ya Manchester katika mechi za ligi. Siku hizo bado alikuwa akirudi mgodini baada ya mechi. Kuuamini mpira kama kazi ya kumlisha mtu kulimchukua muda.

Alikuwa mwembamba, miguu yake ina matege, na mdomoni hakukosa kijiti cha meno, hata mpira ukiwa mguuni. Inasimuliwa kwamba zamani alitafuna tumbaku, mpaka wafuaji wa jezi wakagoma kufua mate yake. Uchezaji wake ulikuwa wa winga halisi. Alisimama karibu kabisa na chaki, akaupokea mpira, akamngoja beki amsogelee, akampiga chenga na kukimbilia kibendera cha kona, kisha akamimina krosi. Mabeki walijua anachotaka kufanya na bado hawakuweza kumzuia. Kufunga pia alifunga: msimu wa 1898-99, City walipochukua ubingwa wa Daraja la Pili, alipachika mabao 29. Mwaka 1904 akiwa nahodha alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA dhidi ya Bolton Wanderers, Crystal Palace, London. Kabla ya hapo hakuna klabu ya Manchester iliyokuwa imebeba taji kubwa.

Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Siku ya mwisho ya msimu wa 1904-05 City, waliokuwa wakiuwania ubingwa, walifungwa 3-2 na Aston Villa. Baadaye Meredith akashtakiwa kwamba alimwahidi Alec Leake, mchezaji wa Villa, paundi 10 ili alegeze. FA ikamfungia. Hongo ni hongo, na kwa hilo simtetei. Lakini klabu yake nayo ilimtelekeza, na hapo akafungua kinywa: alidai kwamba meneja alilijua jambo lile, na kwamba City walikuwa wakiwalipa wachezaji zaidi ya kiwango kilichoruhusiwa. Tangu 1901 sheria ilisema mchezaji asilipwe zaidi ya paundi 4 kwa wiki, hata kama anajaza uwanja kila Jumamosi. Uchunguzi wa FA ulipokamilika mwaka 1906, wachezaji 17 walipigwa faini, wakafungiwa hadi Januari 1907 na kuzuiwa kuichezea tena City, ingawa miaka mingi baadaye Meredith angerudi huko.

Manchester United ndio waliofaidika. Walimchukua Meredith pamoja na Sandy Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Siku ya mwaka mpya wa 1907 walipocheza mechi yao ya kwanza, United waliifunga Aston Villa 1-0, bao la Turnbull. Ubingwa wa ligi ukaja 1908 na 1911, na Kombe la FA mwaka 1909.

Mwaka huo huo wa 1907 mchezaji wa United, Thomas Blackstock, alianguka akicheza mechi ya kikosi cha akiba, akafariki. Familia yake haikupata fidia. Tarehe 2 Desemba, katika hoteli ya Imperial mjini Manchester, wachezaji walikutana kuunda chama chao, na aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni Meredith. Madai yao yalikuwa mawili makubwa: kiwango cha juu cha mshahara kiondolewe, na mchezaji awe huru kuhama mkataba wake ukiisha. Mwaka 1909 FA ikawatishia: jitoeni kwenye chama au mfungiwe. Kote England wachezaji wakajitoa, wakiogopa njaa. Wale wa United wakagoma, wakafanya mazoezi peke yao, wakapiga picha na kibao kilichowaita timu ya waliotupwa. Karibu na siku ya kuanza ligi FA ikarudi nyuma na kukitambua chama. Kiwango cha mshahara hata hivyo kilibaki, na Meredith hakuridhika.

Kwa Wales alicheza mara 48 kati ya 1895 na 1920. Idadi hiyo inaonekana ndogo mbele ya 111 za Bale, lakini enzi hizo Wales ilicheza na England, Scotland na Ireland tu, na mara nyingi klabu ilikataa kumwachia. Kuifunga England alikungoja miaka 25. Machi 1920, Highbury, akiwa na miaka 45, Wales ilishinda 2-1, ushindi wake wa kwanza dhidi ya jirani huyo tangu 1882. Ikawa mechi yake ya mwisho ya taifa. Waliokuwepo walisimulia kwamba alilia.

Alifariki Manchester tarehe 19 Aprili 1958, miezi miwili kabla Wales haijacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kiwango cha juu cha mshahara kilifutwa mwaka 1961. Kaburi lake lilikaa bila alama kwa zaidi ya miaka 40, aibu kwa mchezo uliotajirika kwa jasho la watu kama yeye, hadi mwaka 2001 chama cha wachezaji, chama cha soka cha Wales, Manchester City na Manchester United walipochanga fedha na kumwekea jiwe.