Mkono Uliosahau Kuhisi

Katika mji wa Thika ipo Shule ya Vipofu, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mwanafunzi wa huko asomapo, kidole chake hupita juu ya nukta za maandishi aliyoyabuni Louis Braille wa Ufaransa. Kidole kikitulia mahali pamoja hakisomi vyema. Kikienda bila kuhisi hakisomi hata kidogo. Kuhisi na kwenda ni kazi moja. Waganga walichukua miaka mingi kulitia jambo hilo katika matibabu ya mkono uliopoozwa na kiharusi.

Kiharusi hutokea damu izuiwapo kufika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa wa damu upasukapo humo. Mara nyingi upande mmoja wa mwili hulegea. Hapo Landless, kando ya Thika, kama katika nyumba nyingi za Kenya, jamaa humkanda mgonjwa kwa mafuta na maji ya moto, kisha wakamlisha na kumvika ili asichoke. Huruma hiyo haina lawama, ingawa mkono usiohisi waweza kuungua na mwenyewe asijue. Lakini je, kukandwa peke yake kwaweza kuurudisha mkono kazini?

Mwaka 1895, huko Uingereza, F. W. Mott na C. S. Sherrington walikata mishipa ya fahamu iletayo hisia kutoka mkono mmoja wa kima hadi uti wa mgongo. Ile ipelekayo amri kwa misuli hawakuigusa. Nguvu, basi, ilikuwapo. Hata hivyo kima hakuutumia tena mkono ule kushika kitu. Ulining'inia kama mali ya mtu mwingine. Sherrington, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, aliona ya kuwa mwendo hutegemea hisia.

Katika miaka ya 1950 Margaret Rood wa Marekani aliligeuza wazo la namna hiyo kuwa tiba. Alisugua ngozi kwa brashi au kuigusa kwa barafu, kisha papo hapo akamtaka mgonjwa ausogeze mkono. Ngozi iamke, misuli ijibu.

Baadaye Edward Taub, naye Mmarekani, alirudia jaribio la kima akapata jambo jipya. Alipoufunga mkono ulio mzima, mnyama, kwa kubanwa na haja, alianza kuutumia ule usiohisi. Kumbe alikuwa amejifunza kutoutumia! Elimu hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1981 polisi waliingia maabara ya Taub huko Silver Spring, Maryland, naye akatiwa hatiani kwa kutowapa kima matunzo ya kutosha, ingawa baadaye hukumu hiyo ilitenguliwa. Sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi habari hii.

Mwaka 2002 A. B. Conforto na wenzake walipitisha umeme hafifu katika mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono kwa saa 2, na nguvu ya kubana vidole ikaongezeka. Lakini wagonjwa wale walikuwa wachache. Kwa maoni yangu, kichocheo cha namna hiyo ni kama kupalilia shamba: hutayarisha, hakipandi. Kazi ya kupanda ni ya mazoezi.

Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006 ulihusu wagonjwa 222 wa Marekani. Kwa majuma 2 nusu yao walivaa glavu nene katika mkono ulio mzima karibu muda wote waliokuwa macho, huku ule dhaifu ukifanyizwa kazi saa nyingi. Mwaka mmoja baadaye bado waliwapita wenzao katika kuutumia mkono. Hata hivyo kila aliyekubaliwa ilimpasa aweze kuinua kifundo na vidole walau kidogo. Wale ambao vidole vyao havikuinuka kabisa waliachwa nje ya utafiti huo.